Chokaa iliwe, jiwe libaki

Kosa langu kubwa katika uashi lilianza na saruji. Nilikuwa kijana, nimeitwa kuziba nyufa kwenye msikiti wa kale wa kijiji kimoja cha pwani, na mfadhili alikuwa ameshaleta mifuko kumi. Nikapiga lipu ukuta wa kibla ukawa laini kama yai. Wazee wakaomba dua, nikala pilau, nikaenda zangu.

Baada ya masika mawili nikaitwa tena. Nilipougonga kwa kipini cha mwiko, ukuta ulilia kama mtungi mtupu. Lipu ikabanduka bamba zima, na nyuma yake jiwe limegeuka unga mweupe. Nikauonja: chumvi tupu.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee. Alinivusha kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, akanisimamisha ndani ya Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 au ya 12. Ile yenye kuba iliongezwa karne ya 14. Yote ni matumbawe na chokaa. "Ukuta huu unakunywa maji ya ardhini, mwanangu," alisema, "lazima uyapumue."

Chokaa inayaachia maji yatoke. Saruji inayafungia, basi yanakaukia ndani ya jiwe, chumvi inaganda kwenye vitundu vyake na kulipasua. Kwa hiyo chokaa inatakiwa iwe dhaifu kuliko jiwe. Ikiliwa, unapaka nyingine. Jiwe la mihrabu likiliwa utalitoa wapi? Wahenga walilikata baharini likiwa bichi na laini, wakalichonga kabla halijakauka. Leo ukivunja matumbawe hai unavunja sheria na kuua mazalia ya samaki. Ndiyo maana kila jiwe lililoanguka tunaliokota na kulirudisha.

Ukipata kazi kama hii, usiwe na haraka na chokaa. Ukishaizima kwa maji, iache shimoni chini ya maji kwa miezi, mpaka iwe kama siagi. Mchanga usiwe wa ufukweni. Kama huna mwingine, uoshe kwa maji ya kisima mpaka ukiuonja usikie mchanga tu. Lowesha ukuta kwanza, paka tabaka jembamba lisilozidi unene wa kidole, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Jua la saa saba likiliwahi, litachanika.

Mizizi iliyoota ukutani usiivute! Nimewahi kuona kijana akivuta mche wa mkuyu, ukaja na mawe matatu. Ukate, uache ufie humo humo, ndipo uutoe kidogo kidogo.

Ule ukuta wa kijijini tuliubandua wote kwa tindo na nyundo ndogo, tukauacha wazi kipupwe chote ukauke, ndipo tukapaka chokaa. Safari hiyo pilau sikuidai.