Chombo cha kuzamia chenye miili miwili: utulivu wa juu ya maji haushuki nacho chini

Mkuu, mchoro wako nimeupitia. Miili miwili ya chuma, kila mmoja kipenyo cha sm 60 na urefu wa mita 5, mita 1.8 kati ya mstari wa katikati wa mmoja na wa mwenzake, wapiga mbizi watatu wamekaa kwenye fremu katikati na mitungi yao, kina cha mita 30, kazi ya kukagua na kusafisha nguzo za gati. Umeuliza kama bamba la mm 6 linatosha, ukaongeza kwamba kupinduka hakukupi wasiwasi kwa sababu ni katamarani. Bamba nitalifikia. Hilo la pili ndilo lililonifanya niandike kirefu.

Katamarani hutulia juu ya maji kwa sababu moja tu: kinapolala upande, mwili wa upande huo huzama zaidi na kusukumwa juu, na wa pili huinuka na kupoteza msukumo. Kinachofanya kazi ni lile eneo ambalo uso wa maji unaikata miili. Kwa vipimo vyako, ukiacha asilimia 20 ya ujazo juu ya maji, eneo hilo hukupa mita 1.9 za utulivu wa ubavuni (umbali kutoka kitovu cha kuelea hadi metasenta, yaani nukta ambayo msukumo wa maji hupitia chombo kinapolala kidogo) na karibu mita 4.8 wa omo kwa tezi, yaani mbele hadi nyuma. Ni utulivu mkubwa mno. Migongo ya miili ikishapita chini ya maji, tarakimu zote mbili zinakuwa sifuri. Si kwamba zinapungua, zinaisha. Kuanzia hapo kinachokishikilia chombo ni umbali kati ya kitovu cha kuelea kilicho juu na kitovu cha uzito kilicho chini yake, na upana wa miili haukisaidii tena. Tena huo upana unageuka mzigo, kwa sababu kosa lolote la uzito lililo mwilini sasa liko sm 90 kutoka katikati.

Tuweke hesabu. Miili yako miwili ina ujazo wa mita za ujazo 2.83, yaani karibu kilo 2,900 za maji ya bahari. Tuseme umefanikiwa kushusha kitovu cha uzito sm 10 chini ya kitovu cha kuelea. Tangi moja la farumi (maji ya kuongezea uzito) likijaa lita 100 zaidi ya lile la upande wa pili, chombo kitalala nyuzi 17 hivi. Juu ya maji tofauti hiyohiyo isingekilaza hata nyuzi 2. Kifaa chenye uzito wa kilo 50 majini kikihamishwa mita 1 kuelekea omo, omo litashuka karibu nyuzi 10. Mpiga mbizi mwenyewe aliyesawazishwa vizuri hasumbui akiwa chini, kwa kuwa majini uzito wake ni karibu sifuri. Kinachosumbua ni vyuma anavyovishika: chuma hupoteza asilimia 13 tu ya uzito wake ndani ya maji ya bahari, zege hupoteza kama 43, risasi 9.

Kwa hiyo anza na mizania ya chini ya maji, ya juu itakuja yenyewe. Betri zilale sakafuni mwa miili, risasi ifungwe chini kabisa, povu la kuelea liwe juu ya fremu, na mitungi mikubwa ya hewa isipandishwe juu ya wapiga mbizi kama ilivyo kwenye mchoro. Mimi sm 10 ndicho kiwango cha chini ninachokubali kwa chombo cha ukubwa huu, na sm 15 ndiyo ningeitafuta.

Hatari iko wakati wa kupita kutoka hali moja kwenda nyingine. Utulivu mkubwa wa juu unakufa na ule mdogo wa chini ndio umebaki, na wakati huohuo matangi yako nusu, maji yanacheza ndani yake. Hapo ndipo vyombo vya aina hii hugeuka. Weka matangi manne, nusu mita kwenye kila ncha ya kila mwili. Kila tangi litabeba lita 141, yote pamoja kilo 580 za maji, na hizo ndizo asilimia 20 zako. Matangi haya yawe na tundu wazi chini na vali ya kutoa hewa juu. Tundu la chini liwe kubwa, mm 80 au zaidi, na vali ya juu iwe ndogo, mm 15 hadi 20, zote nne za aina moja na urefu mmoja wa bomba. Ukifanya hivyo, kasi ya kujaa inaamuliwa na hewa inayotoka, si na tundu la chini ambalo mwani au konokono wanaweza kuliziba nusu. Vali nne zifunguliwe na wenzo mmoja. Tafadhali, usiunganishe sehemu za juu za matangi ya kulia na kushoto kwa bomba ili "hewa ijisawazishe". Haitajisawazisha. Hewa hukimbilia upande ulio juu, upande huo unazidi kupanda, na chombo kinamaliza kujipindua chenyewe.

Sasa kupanda, na hapa uhandisi unagusa mapafu ya watu. Wapiga mbizi wako wanapumua hewa yenye shinikizo la kina walichopo, kwa hiyo kasi ya chombo ndiyo kasi yao. Jedwali za Jeshi la Majini la Marekani hutumia mita 9 kwa dakika. Ukichukua ukinzani wa chombo kipana kama chako kikipanda bapa, kilo 8 tu za kuelea kupita kiasi zinatosha kukifikisha kwenye kasi hiyo. Kilo 60 zinakipeleka kama mita 24 kwa dakika. Ukipuliza matangi yote manne, kilo 580, utakuwa unakaribia mita 75 kwa dakika, na aliyebana pumzi hapo anapasuka mapafu. Ni makadirio, lakini hata yakikosea kwa theluthi uamuzi haubadiliki: matangi makubwa ya farumi hayapulizwi watu wakiwa chomboni na chombo kikiwa kina kirefu. Kazi yake ni kukiweka chombo juu kikishafika juu. Yakiwa chini yawe yamejaa maji kabisa, bila hata kiputo. Lita 50 za hewa zilizosahaulika kwenye mita 30 zinakuwa lita 100 kwenye mita 10 na 200 juu, na kila lita inayoongezeka ni kilo nzima ya kukuvuta kwa kasi zaidi.

Kurekebisha uzito wa chini fanya kwa matangi magumu mawili (yaliyofungwa na kuhimili shinikizo la nje), lita 25 kila moja, katikati ya urefu wa kila mwili, yanayojazwa na kumwagwa kwa pampu inayoweza kusukuma dhidi ya bar 5. Yawekee vizuizi ndani ili maji yasikimbie. Lita 50 zinatosha kufidia hewa inayotumika (mtungi wa lita 12 wenye bar 200 hubeba karibu kilo 3 za hewa) na zana zinazoachwa chini. Hazitoshi kukutoa maji yasiyo na chumvi kwenda bahari: hiyo ni asilimia 2.5, yaani kilo 71 kwa chombo chako, na hizo ziongeze kwa vipande vya risasi kabla ya kushuka.

Hewa ya kupuliza: kumwaga lita 565 kwenye mita 30, ambako shinikizo kamili ni bar 4, kunataka lita 2,260 za hewa ya kawaida. Mtungi mmoja wa lita 50 wenye bar 200 unakupa mara nne na ziada. Usiuchanganye na hewa ya kupumua. Mtu anayefanya kazi nzito hutumia lita 30 hadi 40 kwa dakika juu ya maji, na kwenye mita 30 hiyo ni mara nne. Akipumua kwa mpira kutoka chomboni, bado avae mtungi wake wa dharura mgongoni, kwa sababu njia ya mwisho ya kujiokoa kwenye chombo kama hiki ni kukiacha.

Haya, bamba. Bomba la kipenyo cha mm 600, unene mm 6, refu na lisilo na mataruma (mbavu za kulikaza) ndani, hata likiwa duara kamili hubonyea kwenye bar 4.4 hivi, sawa na mita 44. Wewe unataka 30, na bomba la kuchomelea haliwi duara kamili. Jibu ni hapana, hivyo lilivyo halitoshi. Ila usikimbilie bamba nene. Weka taruma la pete kila mm 600 na shinikizo la kubonyea linaruka hadi zaidi ya bar 50. Hapo kinachotangulia ni chuma chenyewe kuanza kulegea na kupinda moja kwa moja, kwenye bar 50 kwa chuma laini cha kawaida. Chuma ulichoongeza ni kidogo, nguvu imepanda zaidi ya mara kumi. Masharti yake ni mawili: uduara usipotoke zaidi ya mm 3 popote, na boriti zinazounganisha miili zichomelewe penye taruma, kamwe si kwenye bamba tupu kati ya mataruma mawili. Mawimbi yatapindisha mwili mmoja dhidi ya mwingine, na bamba tupu litachanika hapo.

Kosa lililo kwenye mchoro wako, na naliona mara kwa mara kwenye michoro ya namna hii: umeweka kuba nzuri kwenye ncha za nje, halafu ukuta bapa wa mm 6 kati ya tangi la farumi na sehemu kavu. Geuza. Tangi lililo wazi chini lina shinikizo sawa na maji ya nje, hivyo kuba ya nje haibebi kitu zaidi ya kupunguza ukinzani. Ukuta wa ndani ndio unaosukumwa kwa zaidi ya tani 8 kwenye mita 30, na bapa la mm 6 litapita uwezo wa chuma laini zaidi ya mara mbili. Kuba iwe pale, au bapa la mm 12 lenye mbavu za kutosha.

Mabomba ya fremu yazibwe kabisa yabane maji, au yatobolewe juu na chini. Bomba lenye tundu moja hushika hewa ambayo husinyaa ukishuka na kukuharibia mizania. Povu la kujazia majengo halifai, hubanwa na kina na kunywa maji; tumia povu gumu la PVC lenye vijitundu vilivyofungwa, la daraja la kina chako. Betri za asidi hutoa haidrojeni wakati wa kuchaji, na ikifika asilimia 4 ya hewa iliyomo inaweza kuwaka, kwa hiyo miili ifunguliwe na kupulizwa hewa kila baada ya kuchaji, kabla ya kugusa swichi yoyote.

Injini mbili za umeme, moja kila mwili, zitakugeuza vizuri sana. Hiyo ni faida ya kweli ya miili miwili. Kwa mita 1 kwa sekunde tarajia kama kW 1.5 kutoka kwenye betri. Kwa mita 2 itakuwa mara nane, kwa hiyo achana na kasi. Rafadha ziwe na wavu, na swichi ya kukata umeme iwe mahali ambapo mpiga mbizi anaigusa kabla ya kutoka.

Kwenye sakafu ya bahari kitue kwa miguu myembamba, si kwa matumbo ya miili. Mkondo wa nusu mita kwa sekunde ukikipiga ubavuni unasukuma kwa kama kilo 50 za nguvu, na chombo kilichokaa na uzito wa kilo 50 tu kitaburuzwa. Jaza matangi magumu, na bado ukifunge kwenye nguzo. Kikinaswa na matope usikitoe kwa kupuliza: matope yataachia ghafla na utarudi kwenye hesabu ya mita 75 kwa dakika. Kitikise kwa injini, upande mmoja kisha mwingine.

Fremu iliyo wazi hunasa kamba na nyaya. Juni 1973 Johnson Sea Link, nyambizi ndogo ya utafiti, ilinaswa kwenye mabaki ya meli ya kivita Fred T. Berry karibu na Key West, Marekani, na watu wawili wakafa kwa kabonidioksidi kabla ya kuvutwa juu. Wako wamo majini na wanaweza kutoka, lakini chombo chenyewe hakina bahati hiyo. Ziba nafasi zote za mbele kwa mirija iliyolala ili kamba iteleze, na uzito wa kutupa uwe mmoja, katikati ya boriti. Ukiuweka mmoja kila mwili na mmoja ukakwama, umejilaza upande mwenyewe.

Kabla mtu hajapanda, kishushe kitupu kwa winchi hadi mita 37.5 kikae saa moja, kisha pima uduara tena. Baada ya hapo kwenye maji ya utulivu, kikiwa kimezama mita 2, hamisha kilo 11 za risasi (kilo 10 majini) mita 1 kwenda ubavuni na usome pembe kwa timazi. Nyuzi 2 maana yake kitovu cha kuelea na cha uzito vimeachana sm 10. Ukisoma nyuzi 4 ni sm 5 tu, na hapo chombo hakiendi popote hadi risasi zaidi iende chini na povu zaidi liende juu, na kipimo kirudiwe.