"Alijitakia" si jibu
Kaka, umeandika kwamba Tundu Lissu, mbunge wa upinzani Tanzania aliyepigwa risasi, "alijitakia kwa mdomo wake". Hapana. Siasa zake nyingi sizikubali, na lugha yake mara nyingine hunikera. Lakini Septemba 7, 2017 alikuwa anatoka bungeni, mchana kweupe, akamiminiwa risasi garini nje ya makazi yake pale Dodoma. Usiku uleule akapelekwa Nairobi, baadaye Ubelgiji, akarudi nchini Julai 2020. Hadi leo hakuna aliyepandishwa kizimbani kwa shambulio lile.

Kama kumwita Rais wa wakati huo, Magufuli, "dikteta uchwara" ni kosa, mahakama zipo, na kesi alikuwa nazo tele. Ibara ya 18 ya Katiba inatoa uhuru wa maoni, na ya 12 inasema kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake. Kila mtu, hata mwenye domo. (Halafu 2019, akiwa bado Ubelgiji, akavuliwa ubunge, na sababu mojawapo eti utoro!)

Na angekuwa wa chama chako, ungeandika hivyohivyo?