Anti, mbona safari hii simlilii Jumong?

SWALI: Shikamoo anti. Ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Tamthilia ya Kikorea ya Jumong nairudia mara ya tatu sasa, safari hii kwenye flashi niliyojaziwa na kijana mmoja wa stendi. Mume wangu ananicheka: "Mwisho unaujua, unalilia nini?" Lakini mwenyewe akisikia sauti ya Daeso, yule mwana wa mfalme hasimu wa Jumong, husimama mlangoni nusu saa nzima, taulo begani. Kinachonishangaza, zamani nilikuwa namtazama Jumong tu. Sasa macho yote kwa Soseono, yule mpenzi wake, na Jumong kuna wakati ananiudhi kabisa. Nimebadilika mimi au tamthilia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tamthilia ni ile ile, vipindi 81, iliyorushwa na MBC ya Korea Kusini kuanzia Mei 2006 hadi Machi 2007. Wewe ndiye uliyeacha kukimbia. Mara ya kwanza sote tulikimbia na staringi: atapona, hatapona? Mimi niliiona kwa CD za kuazimana, maandishi ya Kiingereza chini, ikikwama naifuta kwa pindo la kanga. Enzi za mgao wa umeme, ukirudi saa nne usiku nyumba nzima inaamka, hata mama mkwe. Kwa haraka ile nani angemwona Soseono?

Chukua lile pango alimofungwa Haemosu, kipofu, miaka ishirini. Anamfundisha upanga kijana mwoga asiyejua hata kuushika, wala hajui kuwa ni mwanawe, Jumong. Mara ya kwanza nilikaa nikisubiri watambuane. Mara ya pili nilishajua kwamba Jumong ataambiwa baba yake akiwa keshakufa, basi kila yule mzee alipomsahihisha mkono nilitamani kuingia ndani ya runinga nikaseme mimi.

Sasa Soseono. Binti wa mfanyabiashara, kakulia kwenye misafara, mtu wa kujua bei ya chumvi kabla ya kujua bei ya pete. Jumong anasemekana amekufa, Daeso anambana amchukue, naye anaolewa na Wootae, mtu wao wa nyumbani. Halafu huyo marehemu anarudi, mzima, ana mke, Yesoya! Yaani hapo mimi ningevunja vyungu. Yeye anaendelea na kazi. Baadaye Wootae anauawa, Yesoya na mwanawe Yuri wanapotea, Soseono na Jumong wanaoana na kuusimamisha ufalme wa Goguryeo pamoja. Na siku Yesoya na Yuri wanaporudi, yeye ndiye anayefungasha. Anawachukua wanawe wawili, Biryu na Onjo, anaelekea kusini. Wakorea wanasimulia kwamba Goguryeo ilianza mwaka 37 kabla ya Kristo, na kwamba huyo Onjo ndiye aliyeanzisha Baekje. Kwa hiyo mama huyu ana mkono katika falme mbili, na sizoni imeitwa jina la mume.

Mara ya kwanza nilimwita mjinga. Nilikuwa na miaka 28, sijawahi kumwachia mtu chochote. Baadaye nikafungua duka la vitenge na wifi yangu, likakua, likaanza kutugombanisha. Asubuhi moja nilimwekea ufunguo mezani, nikavuka Kigamboni na cherehani moja. Niliporudia ile sehemu ya Soseono, sikumwita mjinga tena.

Jumong kukuudhi, haki yako. Mpole mno kwa wasiostahili, na mizigo yake mingi inabebwa na wengine. Watazame Mari, Oi na Hyeopbo, wahuni watatu walioishia kuwa mikono yake. Na kama hujamwangalia vizuri Mopalmo, mhunzi, rudi nyuma. Mlevi, mpayukaji, lakini kila upanga wake ukivunjika mbele ya chuma cha Han, dola ya Wachina, anaurudisha motoni upya, kama fundi aliyeambiwa na mteja kiuno kinabana. Huyo ndiye wangu. Wengine mwimbieni Jumong, mimi mniachie mhunzi.

Mume wako asikusumbue. Sisi bibi alitusimulia ya Sungura na Fisi ile ile kila jioni, na akiruka neno tunamkatiza kumsahihisha. Hakuna aliyemuuliza bibi kwa nini anarudia. Mtu anayesimama nusu saa na taulo begani hana swali, ana aibu ya kukaa. Msogezee kigoda.

Ila kipindi cha 81 kitazame mchana, ukiwa peke yako. Mimi huanza kumenya vitunguu kabla Soseono hajaaga.