USIENDE kumuona huyo mtoto, koo likianza kuwasha ndo muda mbaya kabisa

Yaani nimefika pale ulipoandika "koo limeanza kuwasha jana jioni, mafua hayajashika bado, nataka niwahi Jumamosi kumuona mtoto wa dada kabla sijaugua vizuri, na dawa gani inasaidia" nikaweka chai chini. Uwahi nini ndugu yangu? Mimi niliwahi hivyohivyo.

Mwaka juzi koo likawasha Alhamisi, nikapita duka la dawa la mtaani, jamaa akaniambia kwa kujiamini kabisa kwamba mafua hayaambukizi mpaka yakomae, ukianza kutoa makohozi ya kijani ndo ukae mbali na watu. Na antibaiotiki akaniuzia, eti za kuua kirusi, wakati haziui kirusi hata kimoja, hongera yake. Jumamosi nikapanda daladala na doti ya kanga na pampasi, nikambeba mpwa wangu wa wiki 5, arobaini haijatoka, nikambusu mpaka viganja. Jumatano mtoto hanyonyi, akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Siku 4 kwenye oksijeni. Dada hakunigombeza hata kidogo, alinitumia tu picha ya mtoto ana mipira puani, bila neno, bora angenitukana.

Daktari wa wodini ndo akanifungua macho, virusi vingi vya njia ya hewa unaanza kuvitoa siku 1 au 2 kabla hujasikia chochote, na siku zile 2, 3 za mwanzo ndo unavimwaga haswa. Influenza mtu mzima anaambukiza toka siku 1 kabla ya dalili mpaka kama siku 5 hadi 7 baada ya kuanza kuumwa, korona nayo kilele chake ni hapohapo dalili zinapoanza. Rangi ya makohozi haikwambii kitu. Kile kikohozi kikavu cha wiki ya 3 mara nyingi ni koo linajiponya tu, kirusi kashaondoka zamani.

Sasa cheka: wiki hiyo ya 3 mimi ndo nilikuwa nimejifungia chumbani, sahani yangu peke yangu, barakoa 2 kama mwizi wa kuku, wakati kazi nilishaimaliza siku ya 3 kwa mabusu.

Koo likiwasha, hutoki. Mpigie dada vidiokol, na usimdanganye eti kazi zimekubana, mwambie koo linawasha. Pampasi mpe bodaboda apeleke, na kanga pia inapanda bodaboda.