Elementi finiti: nilichofundishwa na kona ya chukudu

Ukitaka kujifunza mbinu ya elementi finiti, yaani kukigawa kitu vipande vidogo ili kukokotoa joto au nguvu ndani yake, usianze na programu ya kompyuta. Mimi nilianza nayo, nikapoteza miezi. Chukua karatasi.

Chora ukuta wa mawe ya volkano kama wa nyumba nyingi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, unene sentimita 30. Upande wa nje una digrii 34, wa ndani 22, na hali imetulia, yaani halijoto haibadiliki tena. Ugawe vipande 3 vya sentimita 10. Kila kipande ni elementi. Vinapokutana ni vifundo. Ndani ya kila kipande tunakubali kwamba halijoto inabadilika kwa mstari mnyoofu. Joto linaloingia kwenye kifundo ndilo linalotoka, kwa hiyo kila kifundo cha katikati ni wastani wa majirani zake wawili. Unapata 34, 30, 26, 22. Ni milinganyo miwili tu! Kompyuta yenye vifundo laki moja inafanya kazi hiyohiyo.

Richard Courant alitumia pembetatu za namna hii mwaka 1943. Jina lenyewe lilitoka kwa Ray Clough mwaka 1960.

Ukishamaliza karatasi, pakua programu ya FreeFEM au CalculiX. Ni za bure, na intaneti ikikatika zinaendelea kufanya kazi.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Nilichora fremu yake ya mbao ikiwa imebeba mifuko ya makaa, na kwenye mkato mmoja nikaacha kona kali ya digrii 90. Mkazo pale, yaani nguvu kwa kila eneo, ukatoka megapaskali 8. Nikapunguza ukubwa wa elementi nusu: 11. Nusu tena: 15. Nilikesha nikitafuta kosa kwenye vipimo. Kumbe kwenye kona kali kabisa inayoingia ndani kama ile, hesabu yenyewe inasema mkazo hauna kikomo, na kadiri wavu (mgawanyo wa elementi) unavyokuwa wa vipande vidogo ndivyo namba inavyopanda. Ningetumia wavu mmoja tu, ningeiamini ile 8. Tafadhali, jaribu nyavu tatu kila mara.

Nilimpelekea mchoro fundi anayechonga chukudu. Akaweka kidole gumba palepale: "Hapa, mdogo wangu, hatuachi pakali. Patapasuka. Tunapachonga mviringo."

Nikarudi nyumbani, nikaizungusha kona kwa sentimita 2, nikaendesha nyavu tatu: 6,1. Kisha 6,4. Kisha 6,4.