Je, Zege Nene Linaweza Kufidia Udongo Usiopimwa?

SWALI: Ndugu Mhandisi, ninajiandaa kujenga nyumba ya ghorofa moja. Fundi wangu amechimba mtaro wa msingi hadi mita moja, akanionyesha jinsi sururu inavyodunda, kisha akanishauri tuache gharama ya kupima udongo na fedha hizo tuzitumie kuongeza unene wa zege na nondo. Je, ushauri huo unafaa?

JIBU: Ndugu msomaji, naomba usiufuate. Udongo wa mfinyanzi uliokaushwa na jua huwa mgumu kama tofali, lakini mvua zikishanyesha, udongo huohuo huvimba na kulainika hadi kisigino kikazama. Chukua bonge kutoka chini kabisa ya mtaro wako, ulilowanishe, kisha uviringishe viganjani. Ukipata uzi mwembamba wa milimita 3 usiokatika, basi uko juu ya mfinyanzi, na mdundo wa sururu haukuambii lolote kuhusu masika.

Zege na nondo huupa msingi uwezo wa kutovunjika, lakini haviuongezei udongo ulio chini yake uwezo wa kubeba. Chukulia ukuta unaoshusha tani 9 kwa kila mita ya urefu wake. Ukiukalisha juu ya msingi wenye upana wa sentimita 60, kila mita ya mraba ya udongo itabeba tani 15, ilhali mfinyanzi laini kwa kawaida hautwishwi zaidi ya tani 7 na nusu hivi. Unene wa zege hauzipunguzi tani hizo, bali huongeza uzito. Kinachozipunguza ni upana, ambao hapa ungefika sentimita 120, au kuushusha msingi hadi kwenye tabaka lililo imara zaidi.

Tabaka hilo liko wapi? Hapo ndipo kipimo kinapohitajika. Katika kipimo kimoja kinachotumika sana, nyundo ya kilo 63.5 huachiwa ianguke kutoka sentimita 76, ikilipigilia bomba ardhini sentimita 45, na mapigo yanayohesabiwa ni ya sentimita 30 za mwisho, kwa kuwa udongo wa juu yake huwa umevurugwa na uchimbaji. Sampuli hupelekwa maabara.

Wachunguzi wachimbe zaidi ya sehemu moja ya kiwanja, na hili nalisisitiza, kwa sababu nyumba nzima ikididimia kwa usawa huenda isipate hata ufa, lakini kona moja ikishuka peke yake, kuta hupasuka. Mnara wa Pisa, ulioanza kujengwa mwaka 1173, uliinama kwa sababu udongo laini ulididimia zaidi upande wa kusini.

Kwa sasa ufunike mtaro usiingie maji, na zege lisimwagwe mpaka mhandisi awe ameyasoma majibu ya maabara na kuuona mtaro wenyewe kwa macho yake.