Maswali na Majibu: Hatari za Kubuni Kifaa Kipya cha Ofisini

Tunabuni kifaa cha mapokezi kitakachochukua nafasi ya daftari la wageni. Tupime hatari ipi kwanza?

Anzeni na ile ambayo ikitokea mradi wote unakufa. Mafundi wengi huanza na ile wanayoimudu, yaani kama kifaa kitafanya kazi, na hivyo hutumia fedha nyingi kuthibitisha jambo ambalo hawakuwa na shaka nalo. Kwenu swali zito ni nani atakayelipa: mlinzi atakitumia na meneja atakisifu, lakini mhasibu ndiye anayeidhinisha malipo, naye huenda daftari halimsumbui hata kidogo. Mwoneni yeye mapema, mkamwombe malipo ya awali kabla hamjaagiza vipuri.

Ofisi nyingi zinalalamikia bei. Je, tukodishe badala ya kuuza?

Mfano ninaoupenda ni mashine ya fotokopi ya Xerox 914, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1959. Washauri wa kampuni ya Arthur D. Little walikuwa wameiambia IBM, kampuni kubwa ya mashine za ofisini, kwamba mashine hiyo haikuwa na mustakabali katika soko la ofisi. Utabiri wa aina hiyo hukosea unapohesabu nakala ambazo ofisi inatoa leo kwa taabu, bila kufikiria zile itakazotoa kazi ikiwa rahisi. Waliotengeneza 914 waliikodisha kwa dola 95 kwa mwezi, nakala 2,000 zikiwa ndani ya kodi hiyo na za ziada zikilipiwa moja moja, kwa hiyo mteja hakulazimika kubashiri matumizi yake.

Hata hivyo hatari haikutoweka, bali ilihamia kwa mtengenezaji, ambaye hugharimia kila mashine siku ya kwanza kisha akangoja kodi iingie kidogo kidogo. Pigeni hesabu ya miezi ambayo kodi itachukua kurudisha gharama ya kifaa kimoja pamoja na matengenezo yake, kisha mzidishe gharama ambayo bado haijarudi kwa idadi ya wateja mnaowatarajia. Mtaji usipotosha, wekeni kikomo cha ofisi za kuanzia, kwa maana wateja wengi kwa mkupuo wanaweza kuwafilisi kama vile kukosa wateja kabisa.

Kifaa kitasoma alama za vidole. Kuna tatizo la kisheria?

Lipo. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka alama za vidole katika data nyeti, na pale uchakataji unapoleta hatari kubwa kwa haki za watu, ripoti ya tathmini ya athari huwasilishwa siku 60 kabla ya kuanza. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2022. Kwa maoni yangu, mgeni wa saa moja hana sababu ya kuacha alama za vidole vyake. Liondoeni jambo hilo.

Orodha ya hatari iwe ndefu kiasi gani?

Ukurasa mmoja. Kila hatari iwe na jina la anayeifuatilia, pamoja na kiasi cha fedha ambacho kikiisha bila jibu kupatikana, kazi inasimama. Kiasi hicho kikubaliwe na wabia wote kabla ya kuagiza vipuri vya kwanza.